Handel kwa Peni Sita



Mwezi Januari 1742 Jonathan Swift, yule aliyeandika safari za Gulliver, alikuwa mkuu wa kanisa kuu la St Patrick's mjini Dublin. Alikuwa mzee, mgonjwa na mwepesi wa hasira. Zikamfikia habari kwamba baadhi ya waimbaji wake wamekubali kwenda kuimba katika ukumbi wa muziki wa Fishamble Street pamoja na wapiga fidla wa mjini. Akaandika amri ya kuwakataza. Kwa maoni yake, mwimbaji wa kanisa hakuwa mtu wa kutumbuiza mahali ambapo watu huingia kwa kiingilio. Baadaye alilegea, na tarehe 13 Aprili mwaka huohuo waimbaji wa makanisa makuu mawili ya Dublin walisimama Fishamble Street wakaimba Messiah ya George Frideric Handel kwa mara ya kwanza.

Nimeanza na Swift kwa sababu swali mlilonipa huonekana kama swali la juzi, la enzi ya simu na matangazo ya biashara: je, kuupeleka muziki wa klasiki kwa watu wengi kunausaidia, au kunauchakachua? Kumbe kwa kazi hii ugomvi ulianza kabla haijaimbwa hata mara moja. Na nimechagua Messiah kwa makusudi. Ndiyo kazi ya klasiki ambayo wengi wenu hamkuisikia tu, mmeiimba, au angalau mmeimba kipande chake kimoja. Kila aliyewahi kusimama safu ya soprano anapajua pale ambapo unashika sauti moja ndefu, halafu unapanda ngazi kwa ngazi, huku alto, tenor na besi wakigonga haleluya chini yako, na mwalimu anakutazama kwa macho ya kusihi usishuke.

Handel mwenyewe hakuwa mtakatifu aliyekaa juu ya kilele akisubiri wachafuzi wapande. Alikuwa mfanyabiashara wa muziki. Kwa miaka mingi alitunga na kuendesha opera za Kitaliano mjini London: lugha ambayo wasikilizaji wengi hawakuielewa, waimbaji mashuhuri wa kuletwa kutoka Italia kwa mishahara mikubwa mno, na gharama zilizobebwa na wakuu wa nchi. Mwaka 1728 ikazuka The Beggar's Opera, igizo la Kiingereza lenye wezi, makahaba na nyimbo za mtaani, likajaza watu usiku baada ya usiku. Opera ya Kitaliano iliendelea kujikongoja, lakini Handel alikuwa ameona upepo unakovuma. Polepole akahamia kwenye oratorio: Kiingereza badala ya Kitaliano, hadithi za Biblia ambazo kila mtu alizijua tangu utotoni, hakuna mavazi ya jukwaani wala mandhari ya kupaka rangi, na kwaya ikapewa kazi kubwa. Kwa ufupi, alirahisisha. Anayelalamika kwamba Messiah imeshushwa kwa watu wa kawaida aanze kwa kukubali kwamba ilizaliwa kutokana na mtu kushuka.

Isitoshe, sehemu ya muziki wenyewe haikuwa mpya. Wimbo wa kwaya unaotangaza kuzaliwa kwa mtoto, ule unaoimbwa kila Desemba ukaonekana kama umeshushwa na malaika, Handel aliutoa katika wimbo wake wa watu wawili wa Kitaliano alioutunga mwaka huohuo wa 1741. Katika wimbo huo anayeimba anakataa katakata kumwamini Mapenzi, yule mungu kipofu wa mishale. Neno la kwanza la Kitaliano lilikuwa la kukataa, zito, la kupigiwa mguu chini. Alipoweka Kiingereza juu yake, uzito ule ukaangukia neno dogo lisilostahili uzito wowote, na mpaka leo mwenye sikio makini anausikia mwanzo ule ukichechemea kidogo. Charles Jennens, aliyepanga maneno ya Messiah kutoka katika Biblia, alilalamika kwamba Handel amefanya kazi kwa haraka. Kweli aliiandika kazi nzima kwa siku 24, kuanzia tarehe 22 Agosti mpaka 14 Septemba. Huo ndio usafi wa asili tunaoambiwa tuulinde.

Onyesho la Dublin lilikuwa la hisani. Fedha zilikwenda kwa hospitali mbili na kwa wafungwa wa madeni. Wanawake waliombwa waje bila zile sketi pana zenye pete, na wanaume bila panga, ili watu wengi zaidi waenee. Kiingilio kilikuwa nusu gini, yaani zaidi ya shilingi kumi za Kiingereza za wakati ule, kwa hiyo tusijidanganye kwamba wachukuzi wa bandarini walikuwamo. Aria ya huzuni iliyo mwanzoni mwa sehemu ya pili, ya yule aliyedharauliwa na kukataliwa, ilipewa Susannah Cibber, mwigizaji ambaye kesi ya ndoa yake ilikuwa imeanikwa mahakamani London na kuchapishwa kwa kila mwenye hamu ya umbeya. Hakuwa na sauti kubwa, wala hakuwa amesomea uimbaji kama wale Waitaliano. Inasimuliwa kwamba kasisi mmoja aliyekuwapo aliguswa mno hata akatamka kwamba dhambi zote za mwanamke huyo zimesamehewa. Mimi ningetoa opera kumi zenye waimbaji wa kulipwa dhahabu ili nimsikie mwanamke yule aliyekataliwa akiimba juu ya kukataliwa.

Mwaka uliofuata, London, mambo yakawa magumu. Handel alijua kelele zinakuja, akaitangaza kazi yake kama oratorio takatifu mpya bila kutaja jina la Messiah. Haikusaidia. Gazeti moja likachapisha barua ya mtu aliyeuliza kama jumba la michezo ni hekalu linalofaa, na kama waigizaji ni wahudumu wanaofaa kulitamka neno la Mungu. Tazameni: lawama haikuwa kwamba muziki ni mbaya. Lawama ilikuwa juu ya nani anaimba, wapi, na mbele ya nani. Miaka zaidi ya mia mbili na themanini baadaye bado lawama nyingi dhidi ya kuueneza muziki wa klasiki ni hizo hizo, zimebadilishwa nguo tu. Kazi hiyo ilipata heshima yake London kuanzia mwaka 1750, Handel alipoanza kuiongoza kila mwaka katika kikanisa cha Foundling Hospital, makao ya watoto waliotupwa. Alipokufa mwaka 1759 aliwaachia nakala ya nota zake. Kwa hiyo utukufu uliingia kwa mlango wa yatima.

Sasa nije kwa upande wa wanaolalamika, maana wana hoja, nami sitaki kuwapita haraka.

Mwaka 1784 Waingereza walimkumbuka Handel katika Westminster Abbey kwa waimbaji na wapiga ala zaidi ya 500. Mjini Dublin kwaya nzima ilikuwa kama watu 32, wanaume na wavulana. Wazo kwamba ukubwa ndio utukufu likawashika. Mwaka 1859, katika Crystal Palace, lile jumba la vioo la London, waimbaji walikuwa zaidi ya 2,700 na wapiga ala mia nne na ushee. Jaribuni kuwaza mistari myepesi ya Handel, ile inayokimbizana sauti kwa sauti, ikiimbwa na umati ambao safu ya mbele na safu ya nyuma hazisikizani. Mwendo lazima upungue, na kila kitu kigeuke ngurumo. Bernard Shaw, aliyekuwa mhakiki wa muziki kabla ya kuwa mwandishi wa tamthilia, alikereka kwa haki: akataka fedha zinazomwagwa kwenye matamasha yale zitumike kwa onyesho moja lililofanyiwa mazoezi ya kutosha, lenye kwaya ya watu ishirini wanaojua wanachofanya. Ilichukua miaka mingi asikilizwe. Hapo ndipo nasema bila kusita kwamba Messiah ilichakachuliwa. Na waliofanya hivyo walikuwa waungwana wenye makoti marefu, mbele ya familia ya kifalme, wakiamini wanaipandisha hadhi.

Wakati huohuo, chini kabisa, kulikuwa na jambo jingine likitendeka, na ndilo lililonileta hapa.

Alfred Novello, mchapishaji wa London, alianza mwaka 1846 kutoa Messiah kwa vijitabu vya kila mwezi, kimoja peni 6. Kabla ya hapo nota za kazi nzima zilikuwa kitu cha wenye nacho. Novello akapunguza ukubwa wa kurasa, akachapa kwa wingi, akapigana hadharani kuondoa kodi za karatasi na magazeti, na bei ikaendelea kushuka mpaka oratorio nzima ikauzwa kwa shilingi moja. Mfanyakazi wa kiwanda cha nguo kule Yorkshire, ambako chama cha kwaya cha Huddersfield kilikuwa kimeanzishwa mwaka 1836, aliweza kuwa na Handel wake mfukoni.

Lakini kuwa na kitabu si kujua kukisoma. Hapo anaingia mwanamke ambaye wanakwaya wa Afrika Mashariki wanamdai shukrani bila kumjua. Sarah Glover wa Norwich, binti wa kasisi, alikuwa akiwafundisha watoto kuimba kwa herufi badala ya vichwa vya nota juu ya mistari mitano, na mwaka 1835 akachapisha utaratibu wake. Mchungaji John Curwen akauchukua kuanzia mwaka 1841, akaurekebisha, akauanzishia shule, mitihani, magazeti na kiwanda cha uchapaji. Ndiyo solfa tunayoijua: do, re, mi, fa, so, la, ti; do inahama kulingana na ufunguo wa wimbo, kwa hiyo huhitaji kuhesabu alama za kupandisha na kushusha. Ukishajua umbali wa mi kutoka do, unaujua popote. Nukta na koloni zinagawa mapigo. Mashine ya kawaida ya kuchapa herufi inatosha, baadaye hata taipureta. Wasomi wa muziki waliibeza. John Hullah, aliyekuwa na mfumo wake wa do isiyohama na aliyependwa na serikali, aliipinga. Watu wakaendelea kuimba. Curwen akachapa mpaka Messiah yenyewe kwa solfa.

Wamisionari na vyuo vya ualimu wakaileta solfa Afrika, na hapa matunda yake yalizidi matarajio ya Curwen. Mwaka 1897 mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg, Enoch Sontonga, aliyekuwa pia mwongozaji wa kwaya, alitunga wimbo akauandika kwa solfa. Nkosi Sikelel' iAfrika ulienea kutoka kwaya hadi kwaya, ukarekodiwa London mwaka 1923 na Sol Plaatje, ukawa wimbo wa wapigania uhuru, na muziki wake ndio tunaousimamia Watanzania tunapoimba Mungu Ibariki Afrika. Zambia nayo inausimamia kwa maneno yake. Mwafrika aliyekuwa ameona Handel na tenzi za kanisa kwa herufi saba aliuona pia upatano wa sauti nne, na akautumia kusema la kwake. Sidhani mashabiki wa Crystal Palace waliwahi kuzaa kitu cha namna hiyo.

Kwaya zetu zinaendelea na njia hiyohiyo. Karatasi ya solfa iliyopigwa fotokopi ya fotokopi mpaka nukta hazionekani, mwalimu asiye na kinanda anayetoa do kwa mdomo, sauti zinafundishwa moja moja kwenye viti vya nyuma vya kanisa, besi wamechelewa kama kawaida. Baada ya majuma kadhaa Haleluya inasimama, bila okestra, wakati mwingine na ngoma ambayo Handel hakuiandika, ingawa matoazi na mapambo yaliyomo katika rekodi ya 1959 ya mwongozaji wa okestra Thomas Beecham hayakuandikwa na Handel pia.

Je, hakuna hasara? Zipo, na mbili zinaniuma. Kwanza, solfa ina dari. Inaeleza sauti ya binadamu vizuri, lakini mpiga fidla au tarumbeta haiwezi kumfikisha mbali, na muziki unaobadilisha ufunguo kila mara huigeuza karatasi kuwa msitu. Mwanakwaya aliyeimba miaka thelathini anaweza kukabidhiwa nota ya mistari mitano akabaki kuitazama tu. Ndiyo maana naheshimu kazi kama ya Ghetto Classics pale Korogocho, Nairobi, iliyoanzishwa na Elizabeth Njoroge mwaka 2008: watoto wanaoishi karibu na jalala la Dandora wanafundishwa ala na nota kamili, tangu mwanzo, bila kuambiwa kwamba hicho ni kigumu mno kwao.

Hasara ya pili ni kubwa zaidi. Do-re-mi ilipokuwa ndiyo njia ya kujua muziki, ikawa pia kipimo cha muziki. Uimbaji wa Wagogo una sauti nyingi zinazopatana kwa utaratibu wake wenyewe, unaofuata sauti ndogondogo zinazojificha ndani ya sauti moja nene. Ukijaribu kuuandika kwa solfa, zipo sauti zinazobaki nje ya ngazi. Vizazi vya walimu wa shule vilihitimisha kwamba anayeimba hivyo anaimba nje ya sauti. Na katika lugha ambazo maana ya neno hutegemea kupanda na kushuka kwa toni, tenzi za kutafsiriwa ziliyavunja maneno ili kuuokoa muziki wa Ulaya. Kiswahili kiliponea hapo kwa kuwa hakina toni, lakini majirani zetu wengi hawakupona. Kwa hiyo ukiniuliza nani alishushwa hadhi Handel alipoenezwa, jibu langu ni kwamba mara nyingi hakuwa Handel.

Sasa nije kwenye vipande vinavyokatwa kutoka kazi nzima. Tarehe 7 Julai 1990, usiku wa kuamkia fainali ya Kombe la Dunia, Luciano Pavarotti, Plácido Domingo na José Carreras waliimba katika magofu ya Caracalla mjini Rome, na rekodi yake ikawa miongoni mwa zilizouzwa zaidi katika historia ya muziki wa klasiki. Nessun dorma ya Puccini, ambayo BBC iliitumia kufungulia matangazo ya mashindano hayo, ikawa wimbo wa viwanjani. Sina ugomvi na mashabiki wa mpira. Carreras alikuwa ametoka kuugua saratani ya damu, na fedha zilikwenda katika kupambana nayo. Ila sikilizeni kinachotokea ndani ya opera yenyewe. Binti mfalme Turandot ametangaza kwamba raia wote wa mji watauawa kama jina la mgeni halijajulikana kabla ya alfajiri. Mgeni anaimba juu ya ushindi wake wakati, kwa mbali, kwaya ya wanawake inaimba kwamba watakufa. Wala aria haiishi: Puccini anaunganisha moja kwa moja na tukio linalofuata, na ule mwisho wa kupigiwa makofi ni wa kushonewa kwa ajili ya tamasha. Uwanjani unabaki ushindi peke yake. Ni sawa na kuonja mchuzi ukatangaza kwamba umekula pilau.

Haleluya yetu nayo imekatwa vivyo hivyo, tena na sisi tunaoipenda. Tunaiimba Krismasi, harusini, kwenye kuwekwa wakfu kwa wachungaji, hata kwenye harambee. Wengine husimama kwa kuwa eti mfalme George wa Pili alisimama, hadithi ambayo iliandikwa miongo kadhaa baadaye na haina shahidi wa wakati ule. Katika Messiah wimbo huo hauko karibu na zizi la ng'ombe. Unafunga sehemu ya pili, ile ya mateso, kifo na ufufuo, na kabla yake mataifa yanaghadhibika, wafalme wanajipanga vitani, na mwimbaji wa tenor anaimba aria kali juu ya kuwavunjavunja kwa fimbo ya chuma. Haleluya inalijibu hilo. Ukiitoa hapo inabaki tamu, lakini hailijibu jambo lolote.

Lakini angalieni tofauti. Shabiki wa Rome alipewa kipande kilichoiva, akameza. Mwanakwaya aliyejifunza Haleluya kwa solfa anazo funguo za chumba chote, hajatembea tu. Anajua kuingia baada ya besi, kuhesabu kimya, kushika sauti yake wakati jirani anaimba kitu kingine. Dakika nne alizozipigania zinamtosha kuingia katika dakika nyingine hamsini za sehemu ileile. Kazi aliyoifanya kwa koo lake mwenyewe imekwisha kumfundisha, na hakuna tangazo la televisheni linaloweza kumfanyia hivyo. Ndiyo sababu siogopi Handel wa peni 6, na namwogopa kidogo Handel wa vioo vya Crystal Palace.

Kwa hiyo ombi langu kwa walimu wa kwaya mlio hapa ni dogo na la kazi. Mwaka ujao, Ijumaa Kuu, msiiache Haleluya ifike peke yake Jumapili ya Pasaka. Mwanzoni mwa sehemu ya pili kuna nyimbo tatu za kwaya zinazofuatana bila aria katikati: ya kwanza nzito, ya kubeba huzuni zetu, ya pili ya kukimbizana polepole kwa sauti nne, na ya tatu ya kondoo waliopotea. Hiyo ya tatu ina mzaha mkali: kondoo wanapotea kwa furaha, kila sauti inakwenda njia yake huku ikirukaruka, mpaka ghafla muziki unapunguza mwendo na kuingia giza, kila sauti inakumbuka nani amebeba mzigo. Ina mikimbio migumu, sitawaficha, besi watalia. Nota zake hazina mwenye haki ya kudai chochote, zinachapwa bure. Kinachohitaji fedha ni mtafsiri: mtu anayejua Kiswahili, anayejua mkazo wa neno unaangukia wapi, na ambaye mwenyewe amewahi kuimba tenor akakosa pumzi katikati ya mstari.